Je, wajua kwa nini wahafidhina wa Marekani humwangusha mgombea wao mwenye nafasi ya kushinda?

Mwaka 2010, kiti cha Seneti alichokiacha Joe Biden alipokwenda kuwa makamu wa rais kilionekana kama kimeshaandikwa jina la Mike Castle. Mzee huyo wa Republican, chama cha wahafidhina, alikuwa amekaa ugavana wa Delaware mihula miwili, kisha tangu 1993 akawa mwakilishi pekee wa jimbo hilo katika Baraza la Wawakilishi. Septemba 14, katika kura za mchujo za kumpata mgombea wa chama, wanachama wenzake walimkataa. Christine O'Donnell, ambaye hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa, alipata kura 30,561 na Castle 27,021. Wiki saba baadaye O'Donnell akaangushwa na Chris Coons wa Democratic kwa takribani asilimia 57 kwa 40.

Aliye mbali anaweza kusema hawa watu wamejikata mguu wenyewe. Lakini wengi waliompigia O'Donnell walijua hatari hiyo, wakaenda kituoni vilevile. Kuwaelewa, anza na kile wanachokiita katiba.

Ibara ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, kifungu cha 8, inataja mamlaka ya Bunge moja baada ya jingine: kutoza kodi, kukopa, kutengeneza sarafu, kutangaza vita, kufungua posta, kusimamia biashara kati ya majimbo, na mengine machache. Marekebisho ya Kumi, yaliyopitishwa 1791, yanaongeza kwamba kisichopewa serikali kuu kinabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa mhafidhina wa msimamo huu, swali la kwanza juu ya muswada wowote si kama una manufaa. Swali ni nani amekupa mamlaka hayo. Bima ya afya, shule, kuokoa mabenki: nionyeshe kifungu.

Na hapo ndipo anapokumbuka kesi ya Roscoe Filburn, mkulima wa Ohio. Serikali ilimruhusu kulima ngano ekari 11.1, yeye akapanda ekari 23, akatozwa faini. Alijitetea kwamba ngano ya ziada ni ya shambani kwake mwenyewe, haikuvuka mpaka wa jimbo. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ilisema hilo halimwokoi: ngano anayojilimia ni ngano ambayo hatainunua sokoni, na wakulima wengi wakifanya hivyo, biashara ya majimbo yote inaguswa. Kwa hiyo Bunge lina mamlaka. Tangu siku hiyo, wasema wenye msimamo, hakuna shughuli isiyoweza kuitwa biashara kati ya majimbo.

Hoja yao kuu inatoka hapo. Mwafaka hauko sawa pande zote mbili. Ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, mkakubaliana kugawana tofauti, bikoni, yaani alama ya mpaka, inasogea kuelekea kwako. Mwaka ujao anadai tena kutoka pale ilipofika, mnagawana tena. Hujapoteza ugomvi hata mmoja, lakini shamba limekwisha. Mgombea kama Castle, aliyekuwa akipiga kura na wahafidhina karibu nusu ya mara zote, kwao ndiye huyo anayeshika ncha moja ya bikoni ikihamishwa.

Wapinzani wao ndani ya chama hawasemi katiba haina maana. Wanasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kanuni yao inahusishwa na William F. Buckley, mwanzilishi wa jarida la National Review: muunge mkono aliye kulia zaidi miongoni mwa wale wanaoweza kushinda. Watu hupenda kunukuu nusu ya kwanza na kusahau ya pili, au kinyume chake, kutegemea wanamtetea nani.

Uzito wa hoja hii hauonekani vizuri kwenye miswada. Unaonekana kwenye ratiba. Kura ya kwanza ya seneta ni kusaidia kuhesabu chama kipi kina wengi, na mwenye wengi ndiye anayepanga kitakachojadiliwa. Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alipofariki Februari 2016, Rais Obama alimteua Merrick Garland. Seneti ilikuwa na Warepublican 54, na kiongozi wao Mitch McConnell alikataa hata kumsikiliza. Susan Collins wa Maine, mwenye siasa za katikati, alitaka Garland asikilizwe. Haikusaidia kitu, kwa sababu Collins alikuwa ameshahesabiwa upande wa wengi, na kalamu ya ratiba ilikuwa kwa McConnell. Aprili 2017 kiti kilikwenda kwa Neil Gorsuch kwa kura 54 kwa 45. Yaani wale wale wanaotaka katiba isomwe kama ilivyoandikwa walimpata jaji wao kwa wingi uliojengwa pia na maseneta wasioaminika.

Inafaa kukumbushana kwamba katiba yenyewe ilitoka kwenye biashara ya nipe nikupe. Philadelphia 1787, majimbo madogo yalipewa usawa katika Seneti, makubwa yakapewa hesabu ya watu katika Baraza la Wawakilishi. Watumwa wakahesabiwa kila watano kama watu watatu, mwafaka ambao hakuna anayejivunia leo. Siku ya kutia saini, Septemba 17, watu 39 walisaini. Watatu waliokuwemo ukumbini walikataa: George Mason, Elbridge Gerry na Edmund Randolph. Moja ya malalamiko ya Mason lilikuwa kwamba hakuna orodha ya haki za raia. Jimbo la Massachusetts likaja kuikubali katiba mwaka uliofuata kwa makubaliano kwamba marekebisho yatapendekezwa baadaye, na ndipo hatimaye yakapatikana yale ya 1791, likiwemo la Kumi linaloshikiliwa sasa kama ngao. Bila waliogoma, huenda lisingekuwepo. Bila waliokubaliana, kusingekuwa na katiba ya kurekebisha.

Kwa hiyo nani ana haki? Kwa maoni yetu, swali hilo likiulizwa hewani halina jibu. Linajibika jimbo kwa jimbo, na jibu linategemea mlango ambao mgombea anapitia.

Msomaji wa Tanzania anajua kura za maoni, ambapo mshindi anaweza kukatwa jina na vikao vya juu vya chama. Marekani, kwa kawaida, hakuna kikao cha kukata jina. Kura za mchujo husimamiwa na jimbo chini ya sheria, na aliyeshinda ndiye mgombea, viongozi wa chama wapende wasipende. Delaware mchujo ni wa kufungwa: anapiga aliyejiandikisha kama mwanachama wa chama hicho tu. Walijitokeza chini ya watu 58,000. Novemba walipiga zaidi ya 300,000. Mtu mmoja katika kila kumi, basi, ndiye aliyemweka O'Donnell kwenye karatasi ya kura, na yule mmoja hafanani na wale tisa. Tangu 1992 Delaware ilikuwa haijampa Mrepublican kura ya urais.

Mlango wa Utah ulikuwa mwembamba zaidi. Kabla ya mchujo kulikuwa na mkutano mkuu wa wajumbe wapatao 3,500 waliochaguliwa kwenye mikutano ya mitaa. Mgombea akipata asilimia 60 humo, amemaliza; asipopatikana, wawili wa juu wanakwenda kwenye mchujo. Mei 2010 Seneta Bob Bennett, mwenye mihula mitatu na alama zaidi ya 80 kwa mia katika vipimo vya wahafidhina, alimaliza wa tatu. Kosa lake kubwa lilikuwa kuunga mkono dola bilioni 700 za kuokoa mabenki mwaka 2008. Hakufika hata mbele ya wapiga kura wa kawaida. Mike Lee, mwanasheria aliyekuwa akihubiri vifungu vya katiba kutoka mkutano hadi mkutano, alishinda mchujo kwa asilimia 51, kisha Novemba akapata zaidi ya 60.

Mwaka ule ule, hasira zile zile, tena Bennett alikuwa mhafidhina kuliko Castle kwa mbali. Lakini Utah haijampeleka Mdemokrat Seneti tangu uchaguzi wa 1970. Huko kumtupa mzee na kumchukua mwenye msimamo hakukugharimu kiti. Delaware kuligharimu. Anayewaambia wapiga kura wa Utah wavumilie nusu mkate hana hoja ya hesabu, na anayewaambia wa Delaware wasimame kidete awaambie na bei.

Bei nyingine hutokana na kumchunguza mgombea msimamo wake tu. Indiana 2012, Richard Mourdock alimwangusha Richard Lugar, seneta tangu 1977, kwa takribani asilimia 60 kwa 40. Indiana ni ngome ya Republican. Msimamo mkali haukuwa tatizo pale. Oktoba, katika mdahalo, akasema maneno juu ya mimba ya ubakaji kuwa jambo lililokusudiwa na Mungu, na Joe Donnelly wa Democratic akachukua kiti. Missouri, mwaka huo huo, Todd Akin aliharibu kwa namna inayofanana. Hakuna kifungu cha katiba kilichowaangusha hawa. Ni ulimi, na ulimi unaweza kupimwa mapema kwa midahalo migumu kabla ya mchujo.

Akin ana funzo jingine. Seneta Claire McCaskill wa Democratic, aliyekuwa akitetea kiti, alilipia matangazo wakati wa mchujo wa Republican yaliyomwita Akin mhafidhina kupita kiasi. Yalionekana kama shambulio, lakini yalikuwa sifa kwa wapiga kura wa mchujo, na ndivyo alivyokusudia: alimtaka yeye ndiye awe mpinzani. Akin alishinda akiwa na takribani asilimia 36, kwa sababu Missouri haina duru ya pili. Linganisha na Texas mwaka huo huo, ambako asipopatikana aliyezidi nusu, wawili wa juu hurudi uwanjani. David Dewhurst aliongoza duru ya kwanza kwa karibu asilimia 45, Ted Cruz akiwa na 34. Kati ya Mei 29 na Julai 31 Cruz alipata miezi miwili ya kuchambuliwa peke yake dhidi ya mtu mmoja, akashinda kwa asilimia 57. Aliingia Novemba akiwa ameshapigwa maswali yote.

Na rekodi ya kura isomwe kwa jicho la pili. Vipimo vya mashirika, kama kile cha American Conservative Union kinachotolewa tangu 1971, huchagua kura kadhaa za mwaka na kutoa alama kwa mia. Seneti ina mchezo unaopita chini ya vipimo vya aina hiyo: kufunga mjadala kunahitaji kura 60, kupitisha muswada kunahitaji wengi tu. Seneta mjanja hupiga ndiyo kufunga mjadala, muswada ukawa huru, kisha hupiga hapana mwishoni akijua haimdhuru mtu. Nyumbani anasema nilipinga. Ukitaka kumjua, tafuta kura ya utaratibu, na hasa zile ambazo ndiyo yake ilikuwa inahesabika.

Wapo wanaochoka na yote haya wakaenda kwa Chama cha Katiba, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la Chama cha Walipa Kodi na kubadilishwa jina 1999. Oregon, 2008, seneta wa Republican Gordon Smith, mtu wa katikati, alishindwa na Jeff Merkley kwa tofauti ya kura takribani 59,000. Mgombea wa Chama cha Katiba, Dave Brownlow, alipata kura 92,000 na ushee. Si wote wangempa Smith. Wengine wangebaki nyumbani. Lakini Desemba 24, 2009, sheria ya bima ya afya ya Obama ilipita Seneti kwa 60 kwa 39, Warepublican wote waliopiga kura wakipinga, na Merkley akiwa miongoni mwa wale 60. Mfumo wa mwenye nyingi anachukua hausomi nia ya mpiga kura. Unasoma jumla.

Alaska imejaribu kuondoa mtego huu kwa kubadili mlango wenyewe. Mwaka 2010 Lisa Murkowski aliangushwa kwenye mchujo na Joe Miller, akagombea Novemba kwa kura za kuandikwa jina kwa mkono, akashinda akiwa amepata kura zaidi ya 100,000, nyingine zimeandikwa kwa tahajia iliyopelekwa hadi mahakamani. Mwaka 2020 wananchi wakapitisha mfumo mpya: mchujo mmoja wa wote, wanne wa juu wanakwenda Novemba, na mpiga kura anawapanga kwa namba. Mwaka 2022 Murkowski alimshinda Kelly Tshibaka, Mrepublican mwenzake aliye mhafidhina zaidi, kwa msaada wa chaguo la pili la waliompigia Mdemokrat. Wahafidhina wa msimamo walisema hiyo ni kuruhusu wageni wachague mgombea wa nyumba yao, wakapeleka hoja ya kuufuta mfumo huo 2024. Ilishindwa kwa tofauti isiyofika kura elfu moja.