Praima ya zinki ni nini, na inalindaje trela la boti

Praima ya zinki ni rangi ya kwanza inayopakwa juu ya chuma kitupu, yenye unga laini wa zinki mwingi kiasi kwamba ikishakauka, sehemu kubwa ya uzito wake ni madini yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12944 kinataka unga huo usipungue asilimia 80 ya uzito wa rangi iliyokauka. Wengi huichukulia kama rangi ngumu tu ya kuzuia maji. Sivyo inavyofanya kazi, na anayeielewa hivyo hutumia fedha nyingi halafu trela likarudi kutoa kutu palepale.

Ndani ya maji ya chumvi, zinki hutoa umeme kwa urahisi kuliko chuma. Metali hizi mbili zikigusana ndani ya maji hayo, umeme mdogo hupita kati yao: zinki inalika, chuma kinabaki. Baharini msukumo wa umeme huo ni karibu volti 0.4, nao unatosha. Mwenye boti anaijua kazi hii tayari, kwa sababu vile vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye mashine na kubadilishwa vikishalika vipo kwa ajili hiyo hiyo. Praima hufanya jambo lile lile kwa tabaka jembamba. Punje za zinki zinapaswa kugusana zenyewe kwa zenyewe, na za chini kabisa ziguse chuma. Kukiwa na kutu, rangi ya zamani au mafuta katikati, umeme haupiti, na ulichopaka kinabaki kuwa rangi ya kijivu ya bei ghali.

Dukani kuna makopo matatu ambayo wengi hudhani ni kitu kimoja. La kwanza ni red oksaidi, ile nyekundu ya mafundi wa mageti. Hiyo hushika chuma na kuipa rangi ya juu mahali pa kukamata, lakini haikilindi chuma kwa umeme, na maji hupenya taratibu. La pili ni praima ya fosfeti ya zinki. Neno zinki lipo kwenye kopo, ila hiyo ni chumvi ya zinki inayopunguza kasi ya kutu, wala si madini yenyewe. La tatu ndilo lenye unga wa zinki. Njia rahisi ya kulitambua ni kulinyanyua: lita moja ya praima yenye zinki ya kutosha ina uzito unaozidi kilo 2, wakati rangi ya kawaida huwa karibu kilo 1.3. Kopo la lita moja likiwa jepesi mkononi, soma maandishi yake tena kabla hujalipa.

Kabla ya habari ya rangi, hakikisha trela linastahili. Gonga chasi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma, upande unaozama majini. Chuma kizima hulia; kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, na bisibisi ikisukumwa hapo huingia. Bomba la mraba lililoanza na ukuta wa milimita 3 likishuka chini ya 2, usilipake. Kata kipande, chomelea kingine, kisha endelea. Kuchomelea kote kumalizike kabla ya praima, kwa sababu moshi wa zinki iliyochomwa huleta homa na baridi ya mwili saa chache baadaye. Ukilazimika kuchomelea juu ya zinki, saga sentimita 5 kila upande wa mahali pa kuunga, na ufanyie kazi mahali pa wazi.

Sasa usafishaji, ambao ndio kazi yenyewe. Toa boti, magurudumu, rola na mbao, weka chasi juu ya stendi imara, osha mafuta yote kwa sabuni na brashi kabla ya kugusa msasa. Ukianza na msasa unayapaka mafuta ndani ya mikwaruzo. Kutu nene ing'oe kwa nyundo na patasi, kisha tumia grenda yenye diski ya msasa namba 40 au 60. Brashi ya waya ya grenda ina hila yake: hung'arisha chuma kikawa kama kioo, macho yakaridhika, lakini rangi haina pa kushika. Itumie kwenye pembe ambazo diski haifiki, halafu pitisha msasa wa mkono namba 80 juu yake. Kingo kali zizungushe kidogo, kwani rangi mbichi huzikimbia kingo na kuziacha na tabaka jembamba kuliko kwingine kote.

Kuna kitu ambacho macho hayakioni: chumvi iliyojificha ndani ya vishimo vya kutu. Osha chuma kilichosagwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ukisugua kwa brashi ngumu, mara tatu au zaidi, kausha, kisha kiache hadi kesho yake. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Asubuhi vile vishimo vilivyogeuka vyeusi na kuloa, huku chuma cha pembeni kikiwa kikavu, bado vina chumvi. Rudia pale. Ukipaka juu ya chumvi, baadaye utaona malengelenge madogo yaliyojipanga kufuata vishimo vile vile, na ukilipasua moja ndani mna maji.

Huo ukungu mwepesi wa kutu unaotokea baada ya kuosha uondoe kwa msasa, ukiwa mkavu, siku ile ile ya kupaka. Dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi usizitumie chini ya praima ya zinki. Zinaacha ngozi juu ya chuma, na ngozi hiyo ndiyo kizuizi tunachokikwepa.

Hapa lazima niseme wazi: praima za epoksi (rangi inayochanganywa na kigumishi chake kabla ya kupakwa) zenye zinki zimetengenezwa kwa ajili ya chuma kilichopigwa mchanga kwa kompresa hadi daraja la Sa 2½, yaani kutu na rangi ya zamani zimeondoka karibu zote. Nyumbani wengi hatufiki huko. (Na usijaribu kwa mchanga wa ufukweni, una chumvi, na vumbi la silika huharibu mapafu moja kwa moja.) Ikiwa fundi mwenye mashine hiyo yupo karibu, mpelekee chasi tupu, ipake zinki siku hiyo hiyo, nayo italipa. Ikiwa chuma chako kimebaki na mabaka ya kutu iliyoshikamana, chagua epoksi nene inayovumilia chuma kilichosafishwa kwa mkono, ipake mara mbili, na uachane na zinki. Epoksi hiyo juu ya kutu iliyosafishwa vizuri hudumu kuliko zinki isiyogusa chuma.

Kiasi cha rangi kinapigiwa hesabu. Trela la mita 5 lenye ekseli moja, la bomba la mstatili la milimita 100 kwa 50, lina eneo la karibu mita za mraba 6. Chukua asilimia ya yabisi kwa ujazo (sehemu ya rangi inayobaki ikishakauka) iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya rangi, zidisha kwa 10, gawanya kwa unene unaoutaka kwa mikroni, yaani elfu moja za milimita. Yabisi asilimia 50 na unene wa mikroni 50 hutoa mita za mraba 10 kwa lita. Ukiongeza theluthi kwa ajili ya upotevu wa brashi, lita moja inatosha tabaka moja. Usidhani ukiizidisha unene ndiyo kinga itaongezeka: tabaka la zinki likizidi sana hupasuka au kuachana lenyewe katikati. Mikroni 50 hadi 75 zinatosha.

Zinki ni nzito, huzama chini ya kopo ndani ya dakika chache. Koroga kila mara unapochovya, la sivyo mwanzo utapaka gundi na mwisho utapaka tope. Anza na kingo, maungio na vichwa vya bolti kwa brashi, ndipo upake sehemu bapa. Fanya kivulini, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, umande ukiwa umekwisha kukauka. Chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya lile ambalo umande huanza kushika, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Pwani, siku nyingine sharti hili litakusubirisha. Subiri.

Nyumba ikiwa jirani na bahari, upepo wa usiku huacha chumvi juu ya praima. Osha na kausha kabla ya tabaka linalofuata, hasa ukiona unga mweupe. Juu ya zinki usiweke rangi ya mafuta ya kawaida: hutengeneza sabuni na zinki, kisha hubanduka kwa mapande. Weka epoksi kwanza. Zinki ina vitundu, hivyo epoksi nene ya moja kwa moja hutoa mapovu. Pitisha kwanza tabaka jepesi lililoongezwa thina ya aina yake, likishika kidogo, weka tabaka kamili la mikroni 100 hadi 150. Epoksi huchakaa kwa jua, kwa hiyo malizia na poliyurethani, rangi ya juu inayostahimili jua, mikroni 50. Ile ya makopo mawili ipakwe kwa brashi au rola tu. Kuipuliza nyumbani ni hatari kwa mapafu, hata ukivaa barakoa ya vumbi.

Funika kabla ya kupaka: nyuzi za bolti, niplo za grisi, sehemu za breki, kishikio cha mpira wa kuvutia na bamba la namba ya chasi. Kati ya majani ya springi usitie rangi. Mabomba yaliyozibwa yanahitaji tundu la milimita 10 mahali pa chini kabisa ili maji yatoke, na nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani, kwa sababu trela nyingi huoza kuanzia ndani wakati nje zinang'aa.

Trela lililochovywa zinki kiwandani lisisagwe lote. Safisha palipoliwa peke yake, paka praima ya zinki hapo, na zinki nzima iliyobaki iache ifanye kazi.

Liache trela likae siku 7 kabla ya kuliingiza majini, kwani epoksi huwa ngumu kwa kugusa mapema lakini haijakomaa. Kila ukifika majini, acha habu (vitovu vya magurudumu) zipoe kabla ya kuzizamisha, maana habu ya moto ikizama hufyonza maji ndani ya beringi. Ukirudi nyumbani osha chasi kwa maji yasiyo ya chumvi, pamoja na ndani ya mabomba, na mkwaruzo wowote uliofika kwenye chuma usagwe na kupakwa upya kabla ya safari inayofuata.