Sebule ya Krismasi na Sura Tuliyoizoea

Nachambua maoni ya watazamaji wa televisheni ya Uingereza, na kila Januari nakutana na kosa lile lile: idadi ya waliotazama inachukuliwa kuwa ndiyo maoni yao. BARB, wanaohesabu watazamaji tangu 1981, hukuambia nani alikuwa mbele ya televisheni. Kama alipenda au alivumilia tu, hilo ni jambo jingine. Ndiyo maana BBC walikuwa na kipimo cha pembeni: mtazamaji anatoa alama 1 hadi 10, na wastani unageuzwa kuwa alama kati ya 100.

Chukua Machi 11, 2023. Gary Lineker, mtangazaji wa Match of the Day, kipindi cha BBC cha mechi za soka, alikuwa ameondolewa hewani kwa aliyoyaandika mtandaoni kuhusu sera ya serikali kwa waomba hifadhi, na wenzake wakakataa kukaa kwenye kiti chake. Match of the Day ikaenda hewani dakika 20 tu: hakuna mtangazaji, hakuna mchambuzi. Goli linaingia, uwanja unalipuka, na hakuna anayekuambia kitu. Watazamaji waliongezeka, wakapita milioni 2.5. Ukiishia kwenye namba utasema mtangazaji si lolote. Mimi naona kinyume kabisa: watu walifungua televisheni walitazame pengo lake.

Mwigizaji humtazama mwigizaji mwenzake. Mtangazaji anakutazama wewe, wiki baada ya wiki, mpaka unamhesabu kama mtu wa nyumbani. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliuandika uhusiano huu wa upande mmoja, na sijaona maelezo yanayoupita ukweli wao.

Krismasi humkuta mtu huyo wa nyumbani siku ambayo nyumba imejaa. Hotuba ya mfalme ya saa tisa alasiri ikiisha, televisheni haizimwi. Bibi yuko kwenye kiti, wajukuu zulini, na maoni hayatoki tena kichwani mwa mtu mmoja. Bibi akicheka, kipindi kimepona. Akiuliza, “Huyu naye nani?”, mtangazaji mgeni ana kazi.

Siku hiyo watu husamehe mengi, na watayarishaji wanalijua hilo vizuri. Hata mwigizaji mgeni hufaidika: Desemba 25, 2005, Doctor Who, tamthilia ya BBC, ilimpa David Tennant, mwigizaji mpya wa mhusika mkuu, kipindi chake kamili cha kwanza. Sehemu kubwa ya kipindi alikuwa kitandani, amelala, na nguo za kulalia, huku sura zilizozoeleka zikiibeba hadithi. Alipoamka, sebule nzima ilikuwa imeshaanza kumsubiri.