Aleji ya alfa-gali, au kwa nini krispi za kuku zinaweza kukuponza

Ukiwaambia watu una aleji ya nyama wanacheka, hasa huku kwetu Usukumani ambako ng'ombe ndo benki, utaambiwa basi we kula kuku. Na kweli kuku unakula. Sato, sangara, dagaa, mayai, hata bata poa tu. Shida ni mnyama anayenyonyesha, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, sungura. Hao mwilini mwao kuna sukari inaitwa alfa-gali, binadamu hatuna, sasa mtu aking'atwa na aina fulani za kupe mwili wake unaweza kuanza kuipiga vita hiyo sukari kila akiila.

Kinachochanganya ni muda. Aleji ya karanga unaijua hapohapo, hii unakula saa mbili usiku saa saba unaamka unajikuna mwili mzima, tumbo linakata, wengine midomo inavimba na pumzi inabana (hapo ni kukimbizwa hospitali, sio mambo ya maji ya ndimu). Nani atakumbuka ile biskuti?

Mdogo wangu anayo. Juzi tunasubiri feri pale Kamanga akashika pakti mbili za krispi, moja ladha ya nyama choma nyingine ya kuku, mimi ningechukua ya kuku bila kufikiri. Yeye akageuza nyuma, vile viandishi vya sisimizi. Ya nyama choma: viazi, mafuta ya mawese, chumvi, unga wa kitunguu, viungo, nyama hata chembe hamna. Ya kuku imeandikwa "whey powder", yaani yale maji yanayobaki maziwa yakiganda, wameyakausha yakawa unga. Ng'ombe kajificha kwa kuku! Sio wote wenye hii aleji wanadhurika na maziwa, wengine wanakunywa fresh tu, ila yeye yanamsumbua kwahiyo "casein", "lactose" na "milk solids" navyo anaviruka.

Neno baya zaidi ni "gelatin", saa nyingine wanaandika E441. Hiyo mara nyingi ni ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe imechemshwa, ipo kwenye zile pipi laini zinazovutika na hata kwenye maganda ya dawa za kapsuli. "Tallow" na "lard" ni mafuta ya mnyama moja kwa moja. E471, ile ya kufanya mafuta na maji yachanganyike, yenyewe kinyonga, inaweza kutoka kwenye mimea au mnyama na pakti haikwambii.

Alama ya halali haikusaidii hapa, gelatini ya ng'ombe aliyechinjwa vizuri bado ni ng'ombe. Kile kidoti cha kijani kwenye biskuti za India kinamaanisha nyama hamna, maziwa yanaweza kuwepo. Halafu kuna "carrageenan", E407, inatoka kwenye mwani kama ule wanaolima kina mama Zanzibar, sio mnyama kabisa, lakini alfa-gali imo na kuna watu inawakataa.

Basi krispi tukaziacha zote, tukasogea kwa mama wa dagaa wa kukaanga, hao si hawana pakti. Mdogo wangu akauliza, "Mama shikamoo, hayo mafuta kabla ya dagaa ulikaangia nini?"

"Marahaba mwanangu. Utumbo."