Stika kubwa ya chini: kagua sakafu kabla hujachapa

Mteja akitaka picha ya mita 12 kwa 8 ibandikwe chini, usianze na picha. Uliza kwanza chini kuna nini: terazo, vigae, zege, lami au kabro. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua stika gani inunuliwe, na mara nyingine huamua kwamba kazi isifanywe kabisa.

Nianze na kabro, maana huombwa sana hapa Nairobi. Mimi hukataa. Kati ya tofali na tofali pana mchanga, na kila tofali hucheza kidogo likikanyagwa. Gundi haishiki mchanga, maji hupenya chini, na stika huchanika ikifuata mistari ya matofali kama karatasi iliyokunjwa. Mteja wa kabro mpelekee fundi wa rangi ya barabarani na kiolezo kilichokatwa. Atalipa kidogo na picha itadumu.

Terazo na vigae hushika vizuri, adui wake ni nta. Ofisi na shule nyingi za zamani zina sakafu ya simenti nyekundu ambayo imepakwa nta miaka nenda miaka rudi. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, sugua mahali padogo kama sahani. Kitambaa kikirudi chekundu, stika yako itashika nta, haitashika sakafu. Kwenye terazo dondosha tone la maji: likikaa duara kama shanga badala ya kutandaa, kuna nta au polishi juu.

Kuosha ni hivi. Sabuni ya kutoa mafuta kwanza, kisha suuza mara 2 kwa maji matupu, kwa sababu mabaki ya sabuni huharibu gundi sawasawa na nta. Ikikauka, pitisha alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kwa vitambaa viwili: cha kwanza kinalowesha, cha pili kikavu kinafuta kabla haijakauka yenyewe. Ukiiacha ikauke, uchafu uliouyeyusha unarudi palepale. Petroli usiiguse, huacha utando wa mafuta.

Zege jipya lipe siku 28. Hata likikomaa, unyevu unaweza kuwa unapanda kutoka chini. Kata plastiki ya mraba wa sentimita 46, izibe kingo zote kwa tepu, iache saa 16. Ukikuta matone upande wa chini au zege limegeuka jeusi, subiri. Stika haipitishi mvuke, kwa hiyo unyevu huo utaisukuma juu na utaona malengelenge ambayo hayaishi hata ukiyatoboa.

Kabla ya kuchapa, bandika vipande 3 vya stika ileile, vya sentimita 10, sehemu tofauti za sakafu: karibu na mlango, katikati, na pale deki hupigwa zaidi. Rudi baada ya saa 24 uvibandue. Kikitoka bila kuvutana nawe, hujamaliza kuosha.

Sasa stika yenyewe. Lamineti, ile plastiki angavu inayofunika picha, ikiwa ya ukutani ni telezi, na hapa sina mjadala na mtu anayetaka kubana bajeti: chini huwekwa lamineti ya sakafu, ile yenye chengachenga. Muombe muuzaji karatasi ya vipimo. Kwenye kipimo cha pendulamu, kinachopima utelezi, tafuta 36 au zaidi pakiwa pamelowa. Wino wa solventi, yaani wenye kiyeyushi, uuache upumue saa 24 kabla ya lamineti, na 48 picha ikiwa imejaa rangi nyeusi. Solventi ikifungiwa ndani hulainisha gundi, na baada ya siku chache kingo zinajikunja juu.

Mpangilio wa paneli, yaani vipande virefu vinavyounganishwa kuwa picha moja, ndipo pesa hupotea. Tuseme roli ni ya mita 1.37 na eneo linalochapika ni 1.34, paneli zikipandana sentimita 2. Paneli 9 zinakupa mita 11.90. Zile sentimita 10 zilizobaki za picha ya mita 12 zitakulazimisha uchape paneli ya kumi, mita 8 nzima, kwa ajili ya kijiukanda. Mwambie mteja apunguze picha. Hakuna atakayeona.

Kubandika ndani ya nyumba, vuta uzi na uhakikishe pembe kwa 3, 4, 5: mita 3 upande huu, 4 upande ule, mshazari uwe 5 kamili. Uzi ukienda upogo milimita 2 tu kwa kila mita, paneli ya mita 8 inaishia imekengeuka milimita 16, na ule upandano wa sentimita 2 umekaribia kwisha. Anza na paneli ya katikati uende pande zote mbili, kosa lisirundikane upande mmoja. Bandika pakavu, usinyunyize maji. Bandua karatasi ya nyuma sentimita 30 hivi, shikisha kwa skwiji (kibao cha kukandamizia stika), kisha mmoja aivute polepole huku mwenzake akisukuma hewa kutoka katikati kwenda kingoni.

Kiungo, pale paneli mbili zinapokutana, usikiache kimepandana, viatu vitakishika. Kabla ya kushikisha ukingo wa paneli ya kwanza, laza sakafuni chini yake, penye mstari wa kukatia, ukanda mwembamba wa plastiki, kisha shusha paneli ya pili. Kata tabaka zote mbili kwa wembe mpya na rula ya chuma, mkato mmoja, kisha toa vipande viwili vya ziada pamoja na ule ukanda. Bila ukanda huo utachora sakafu ya watu. Malizia kwa rola nzito, mara 2, kwa urefu na kwa upana.

Nje kwenye lami vinaili ya kawaida, ile plastiki ya stika, haifai. Lami ina mashimo, na stika inayolalia vichwa vya kokoto tu imeshika nusu ya gundi yake. Tumia stika ya foili ya alumini, ambayo ukiigonga kwa brashi ngumu inaingia mashimoni na kubaki na umbo hilo. Fagia, puliza vumbi, na acha siku 2 kavu baada ya mvua. Huku kwetu, Machi hadi Mei ni kuomba Mungu. Anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka. Asubuhi za Julai huwa baridi, na chini ya nyuzi joto 10 gundi nyingi hazishiki. Ikifika saa saba mchana jua likiwa kali, lami imewaka, foili inanasa papo hapo na huwezi kuisogeza.

Nje paneli zipandane sentimita 1, ukianzia upande wa chini wa mteremko ili ya juu ifunike ya chini, kama mabati. Kona zote zikate duara, maana kona kali ndiyo ya kwanza kuinuka. Kama picha ni tangazo na iko nje, kibali cha kaunti kiwe mkononi kabla ya kuchapa.

Deki isipigwe saa 24 za kwanza, na pampu ya maji ya nguvu isielekezwe kwenye kiungo kamwe. Pia chapa paneli moja ya ziada siku ileile, kwa wino uleule, kwani ukichapa miezi 2 baadaye rangi haitalingana. Chagua ile iliyo mbele ya mlango, hiyo ndiyo itakayochakaa kwanza.