Je, wajua? Kaburi lililochongwa ndani ya jiwe moja, bila chuma

Ukishuka boti kisiwani Hoy, katika visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, fuata barabara ya kwenda Rackwick, kisha iache na ukate kinamasi kwa miguu. Chini ya genge limelala jiwe moja la mchanga lenye urefu wa mita 8.6 hivi, na ubavuni mwake kuna tundu la mraba. Linaitwa Dwarfie Stane, jiwe la kibete.

Tundu lina upana wa takriban mita moja tu, kwa hiyo unaingia kwa kutambaa. Ndani kuna ujia mfupi na vijumba viwili, kulia na kushoto. Katika kimojawapo wachongaji waliacha ukingo wa jiwe, mithili ya mto wa kulalia. Ndiyo maana wenyeji wa zamani walisimulia kwamba humo aliishi jitu na mkewe.

Walitoboaje? Kaburi hili lina umri wa miaka 5,000 hivi, kabla shaba na chuma havijafika huko. Jiwe la mchanga ni laini kuliko matale, nalo likigongwa kwa jiwe gumu hubanduka na kusagika kidogo kidogo. Walilitwanga, kwa hiyo, zaidi ya kulikata. Kinachonishangaza zaidi ni nafasi: mle ndani hawaenei wengi, hivyo mmoja alitwanga amejikunja huku wenzake wakizoa chenga. Na pigo baya halikuwa na dawa, maana huwezi kurudisha ulichokwisha kubandua.

Walikuwa na njia nyepesi. Makaburi mengine ya Orkney, kama Maeshowe, yalijengwa kwa kupanga mabamba ya mawe. Kuchonga mwambani kulizoeleka Sardinia na kwingineko Mediterania, lakini Uskoti ni nadra mno. Mimi naona waliotaka jiwe hili walilitaka zima, lisilo na kiungo cha kubomoka.

Walilifunga kwa jiwe kubwa, ambalo leo liko nje mbele ya tundu. Kuna waliowahi kutoboa dari ili waingie.

Mwaka 1850 afisa wa Kiingereza, William Mounsey, alilala hapo. Alichonga jina lake kinyumenyume kwa Kilatini, na chini yake maneno ya Kiajemi: nimekaa usiku mbili, nikajifunza subira.