Saikedeliki ni nini, na kwa nini mnanaha haumo

Nyuma ya nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, penye kifusi, umeota mnanaha: maua meupe kama tarumbeta, tunda limejaa miiba. Juzi kijana wa jirani akausonta kidole. "Mjomba, hii si ndiyo ile ya kuonea maajabu?" Nikamwambia akae nao mbali.

Saikedeliki ni dawa zinazogeuza kwa saa kadhaa namna mtu anavyoona, anavyosikia na anavyojihisi, mara nyingi akijua fika kwamba ni dawa inafanya kazi. Jina alilitunga daktari Humphry Osmond mwaka 1956 kwa maneno ya Kigiriki: kuidhihirisha nafsi. Kuna za maabara, ila kongwe ni za porini. Wamazateki wa Mexico hula usiku uyoga wenye silosaibini, mojawapo ya dawa hizo, mganga akiimba kando yao. Huko Gabon, mwari wa Bwiti, dini ya jadi ya huko, hulishwa ganda la mzizi wa iboga (wengine huuweka kundi lake peke yake, na moyo unaweza kuuharibu).

Silosaibini ikifika mwilini hugeuka silosini, ambayo kwa umbo inashabihiana na serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka habari ubongoni, basi ubongo huipokea palepale inapopokelewa serotonini. Mnanaha hauna habari na hayo. Una atropini na skopolamini: koo linakauka, mboni zinatanuka, moyo unakwenda mbio, na mtu anaongea na asiyekuwepo akiapa yupo. Huko ni kuweweseka kwa sumu, na kipimo chake hakijulikani, kwani mti na mti hutofautiana. Watu wamekufa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliiweka silosaibini kwenye jedwali kali kabisa la dawa zinazodhibitiwa. Hata hivyo Australia, tangu Julai 2023, inawaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kuitumia kwa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine.

Kwenye ngoma za pepo nilizohudhuria Tanga sijaona mtu akilishwa uyoga. Ni uvumba, nyimbo na ngoma hadi alfajiri, pengine na kombe la zafarani, na kiti, yaani mtu mwenye pepo, anapandwa. Nikasoma wanavyofanya watafiti wa silosaibini: mgonjwa analazwa kwenye kochi, anafunikwa macho, anawekewa muziki, na wawili wanakaa naye kutwa nzima. Bibi yangu, aliyekuwa kiti, angeuliza tu: mbona uvumba hawajafukiza?