Robota 48 zimekuwa 45: faili moja ikiandikwa kwa njia mbili

"Fundi, hii kompyuta ina jini." Ndivyo alivyoniambia karani wa bohari moja hapa Tanga, hata salamu hatujamaliza. Programu ya mizani imepima robota 48 za mkonge, ikasema imehifadhi. Kampa dereva stakabadhi, karudi kufungua taarifa ya bohari: 45, hesabu ya asubuhi. Hakuna aliyegusa hesabu ile. Mafundi wawili walikwisha kupita kabla yangu. Wa kwanza alisema virusi, wa pili alibadilisha diski. Jini likahamia kwenye diski mpya.

Diski ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa programu mbili, ya mizani na ya taarifa za bohari, zinazoandika faili moja, kila moja kwa njia yake.

Kwa kawaida programu ikiandika kwenye faili haigusi diski papo hapo. Mfumo endeshi huweka nakala ya faili kwenye kumbukumbu, ukurasa mmoja mmoja, na kwenye kompyuta nyingi ukurasa ni baiti 4,096. Mabadiliko huingia kwenye nakala, kisha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huyapeleka diski kwa wakati wake. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, usipobadilisha mipangilio, kerneli huamka kila sekunde 5 kukagua, na ukurasa uliobadilika ukakaa zaidi ya sekunde 30 hupelekwa.

Programu ya bohari ilitumia mmap, yaani faili inatandazwa kwenye kumbukumbu na programu inaandika juu yake kama inavyoandika kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Ya mizani ilitumia O_DIRECT, njia iliyoingia Linux katika toleo la 2.4.10 mwaka 2001: data inapita kando ya nakala na kwenda diski moja kwa moja. Kila njia peke yake ni nzuri. Hifadhidata kubwa huipenda hiyo ya pili kwa sababu zinajitunzia nakala zenyewe, na hazioni haja ya kerneli kutunza nyingine.

Kerneli inajua kwamba nakala na diski vinaweza kupishana. Kwa hiyo kabla ya kuandika moja kwa moja, hupeleka kwanza diski kurasa zilizobadilika katika eneo lile, huzifuta kwenye kumbukumbu, huandika data mpya, kisha hurudi kufuta tena kwa tahadhari. Mwanya uko katikati ya kufuta mara ya kwanza na ya pili. Karani akiandika jina la dereva wakati huo huo, programu ya bohari inaugusa ukurasa uliofutwa. Kerneli inausoma upya kutoka diski, ambako 48 bado haijafika, na jina la dereva linaandikwa juu ya ukurasa wenye 45. Sasa ni ukurasa uliobadilika. Mfutaji wa pili akipita, hathubutu kuutupa, maana una kazi ya mtu ambayo haijahifadhiwa. Anauacha. Baada ya nusu dakika hivi unapelekwa diski mzima mzima, na 48 inafunikwa na 45.

Watu hunibishia hapa: "Lakini jina na hesabu ni sehemu mbili tofauti!" Kwako wewe, ndiyo. Kerneli haifuatilii neno lipi limebadilika, inafuatilia ukurasa. Ukigusa baiti moja, majirani zake wote wanasafiri nayo.

Kwa nini basi kusiwekwe kufuli, mmoja akiandika mwingine asubiri? Lipo, kwa wanaoandika kwa kuiomba kerneli. Anayeandika kwa mmap haombi. Akishapewa ukurasa, prosesa yenyewe inaandika, na kerneli haina habari ya kila herufi. Hiyo ndiyo kasi ya mmap, na ndiyo hatari yake. Amri ya fsync, inayolazimisha mabadiliko yapelekwe diski mara moja, nayo haisaidii, kwani inaharakisha tu safari ya ukurasa ule ule wa zamani.

Linux ikishindwa kufuta ukurasa baada ya kuandika moja kwa moja, huacha onyo kwenye logi, yaani daftari la matukio ya mfumo, kwamba huenda data imeharibika. Onyo lilikuwamo kwenye kompyuta ile. Mafundi wote wawili hawakuifungua logi, na nakiri mimi mwenyewe niliifungua siku ya pili, baada ya kupima nyaya. Mwongozo wa Linux nao unasema wazi kwamba mmap na O_DIRECT zisichanganywe kwenye faili moja.

Kwa hiyo mkinunua programu mbili zitakazotumia faili moja, muulizeni kila muuzaji anaandikaje. Asiyeweza kujibu, data yake iwekwe faili la peke yake. Pale bohari tulimtaka mtengenezaji wa programu ya mizani aache O_DIRECT na kuandika kwa njia ya kawaida, ili programu zote mbili zipitie nakala ile ile ya kumbukumbu. Uzito wa robota chache haukuhitaji kasi ile tangu mwanzo.